Kompyuta za ofisi ya usafirishaji Kampala: namna ya kukadiria hitilafu, matengenezo na muda unaopotea

Lori likiharibika njiani kati ya Mombasa na Kampala kila mtu anaona. Taniboi anakata matawi ya miti na kuyaweka barabarani, dereva anapiga simu, tajiri anatafuta fundi. Kompyuta ya ofisi ikifa hakuna anayeweka matawi, lakini mzigo unasimama vile vile.

Utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulianza kutumika mwaka 2014. Tangu hapo tamko la bidhaa zinazokwenda kutumika Uganda hufanywa Uganda, na kodi hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Maana yake ni kwamba kompyuta iliyokufa Nakawa au Nakasero inaweza kulifunga kontena lililoko Mombasa, kilomita zipatazo 1,170 kutoka hapo. Ghala linahesabu siku zake, kampuni ya meli inahesabu siku za kontena, na dereva anataka posho.

Hata hivyo wenye ofisi wengi wanajua bei ya kila tairi la lori, lakini hawajui kompyuta zao zinawagharimu kiasi gani kwa mwaka. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Viwango vya shilingi na saa vilivyotumika katika hesabu za ofisi ni vya mfano tu. Msomaji aweke vyake.

MIFUMO TUNAYOITEGEMEA

Uganda imetumia mfumo wa forodha wa ASYCUDA, uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Toleo la ASYCUDA++ lilitumika katika miaka ya 2000, na tangu mwaka 2012 Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) ilianza kuhamia ASYCUDA World, ambayo wakala anaifikia kupitia intaneti. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, na Tanzania ilianza TANCIS mwaka 2014. Mwaka 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zilianza mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Januari 2021 wafanyabiashara wa Uganda waliosajiliwa kwa VAT walianza kutakiwa kutoa ankara na risiti kupitia EFRIS.

Kila hatua kati ya hizo ilipunguza makaratasi na foleni. Lakini kila hatua pia iliongeza kifaa kimoja ambacho kikizimika kazi inasimama. Zamani mtu angeweza kuandika fomu kwa taipureta umeme ukiwa umekatika. Leo haiwezekani.

NAMBA TATU ZA KUANZIA

Hesabu yote inasimama juu ya namba tatu.

Ya kwanza ni muda kati ya hitilafu, yaani kwa wastani kifaa kinafanya kazi saa ngapi kabla ya kuharibika. Tuiite K.

Ya pili ni muda wa kurudisha kazi, yaani tangu kifaa kizime hadi mtu aendelee na kazi yake. Tuiite T. Hapa wengi hukosea, kwa sababu huhesabu saa ambazo fundi ameshika bisibisi tu. T halisi inajumuisha muda wa kugundua tatizo, kumpigia fundi, kumsubiri apite foleni ya magari ya Jinja Road, kutafuta spea mjini, kurudisha programu na kurudisha mafaili.

Ya tatu ni upatikanaji, yaani sehemu ya muda wa kazi ambayo kifaa kipo tayari. Tuiite U. Kanuni yake ni hii:

U = K ÷ (K + T)

Chukua ofisi inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla saa 3,000. Kompyuta inayotumika kutuma matamko inaharibika mara 2 kwa mwaka, kwa hiyo K ni saa 1,500. Kila ikiharibika inachukua saa 16 za kazi kurudi. U ni 1,500 ÷ 1,516, yaani asilimia 98.9. Namba hiyo inapendeza machoni, lakini kwa mwaka ni saa 32 za kusimama.

Sasa tajiri ananunua kompyuta moja ya akiba, imewekwa programu zote na iko kabatini. Kompyuta kuu inaharibika mara 2 vile vile, lakini kazi inarudi baada ya saa 2. U inapanda hadi asilimia 99.87 na muda wa kusimama unashuka hadi saa 4 kwa mwaka.

Ili kufikia matokeo hayo hayo bila akiba, huku T ikibaki saa 16, angehitaji kompyuta yenye K ya saa 12,000, ambayo kwa ofisi hii ni hitilafu moja kila miaka 4. Kompyuta ya namna hiyo ni ghali na hakuna muuzaji atakayeiwekea dhamana. Ndiyo maana kupunguza T mara nyingi ni rahisi kuliko kuongeza K. Msafirishaji analijua jambo hili, maana halali bila wasiwasi kwa sababu tairi zake hazipasuki, bali kwa sababu tairi la akiba limefungwa chini ya bodi.

MNYORORO WA VIFAA

Tamko moja la forodha halitegemei kompyuta peke yake. Linapita katika mnyororo, na kila kiungo lazima kiwe hai kwa wakati mmoja. Upatikanaji wa mnyororo unapatikana kwa kuzidisha upatikanaji wa viungo vyote. Mfano:

- Umeme: 0.95
- Intaneti: 0.98
- Kompyuta ya mtumaji: 0.99
- Seva ndogo ya ofisi yenye mafaili: 0.99
- Mfumo wa forodha wenyewe: 0.98

Ukizidisha zote unapata 0.894. Hakuna kiungo hata kimoja kilicho chini ya asilimia 95, lakini ofisi nzima iko tayari asilimia 89.4 tu ya muda wake. Katika saa 3,000 ni saa zipatazo 317 za kusimama, karibu siku 32 za kazi.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, kuongeza kifaa kipya katika mnyororo kunapunguza upatikanaji, hata kama kifaa chenyewe ni kizuri. Pili, fedha ziende kwenye kiungo dhaifu. Mwenye ofisi hii akinunua kompyuta ya bei kubwa na kuipandisha kutoka 0.99 hadi 0.999, anaokoa saa 24 hivi kwa mwaka. Akishughulikia umeme anaokoa zaidi ya saa 120.

NJIA YA PILI, NA MTEGO WAKE

Viungo viwili vinavyosaidiana, kimoja kikifa kingine kinashika, huhesabiwa kwa kuzidisha uwezekano wa kukosekana. Umeme wa gridi unakosekana 0.05. Inveta yenye betri inashindwa kushika mara 1 kati ya 10, yaani 0.10. Vyote viwili kukosekana pamoja ni 0.05 × 0.10 = 0.005, kwa hiyo upatikanaji wa umeme unapanda hadi 0.995. Vivyo hivyo laini ya pili ya intaneti yenye upatikanaji wa 0.95 inapandisha intaneti kutoka 0.98 hadi 0.999.

Ukiweka namba hizi mpya kwenye mnyororo unapata 0.955. Muda wa kusimama unashuka kutoka saa 317 hadi saa 136 hivi, na zimeokolewa saa 181.

Lakini kuna mtego. Kuzidisha huku ni halali tu kama sababu ya kufa kwa kimoja haihusiani na kingine, na Afrika Mashariki imeona mifano ya kutosha ya vitu viwili kufa kwa pamoja.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za kanda hii, Uganda ikiwamo. Mwenye laini mbili za kampuni mbili tofauti, zote zikitegemea nyaya hizo, alikuwa amelipia kitu kimoja mara mbili. Kabla ya hapo, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ya Uganda ilifungwa kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Siku hizo hata ofisi yenye laini tano ilikuwa sawa na isiyo na laini.

Kuna na mtego mdogo wa kila siku. Kompyuta imeunganishwa na UPS, lakini ruta na swichi vimechomekwa ukutani. Umeme ukikatika kompyuta inawaka na intaneti imekufa. Dawa yake ni waya mmoja wa kurefusha.

Kwa hiyo kabla ya kununua njia ya pili uliza: ni tukio gani moja litakaloziua zote mbili? Likiwapo, kinga inayobaki ni muda. Ofisi inayokamilisha nyaraka na kutuma tamko siku tatu kabla ya mzigo kuhitaji kutoka inaweza kusimama saa 16 bila hasara ya hata siku moja ya ghala. Ofisi inayotuma siku ya mwisho inalipia kila saa.

UMEME WA KAMPALA

Waliokuwa Kampala mwaka 2005 na 2006 wanakumbuka mgawo. Kina cha Ziwa Victoria kilishuka, mabwawa ya Nalubaale na Kiira pale Jinja yakapunguza uzalishaji, na jenereta zikaunguruma katika kila kona ya mji. Bujagali yenye megawati 250 ilikamilika mwaka 2012, na Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa mwaka 2024. Tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji ulirudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa Umeme kumalizika.

Kwa kompyuta, hata hivyo, kukatika kwa umeme ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni namna unavyorudi. Umeme unaorudi kwa kishindo, au unaopanda na kushuka, huua pawa saplai na diski. Tena Kampala na ukanda wote wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, hasa majira ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Waya mzuri wa ardhini na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme vina bei ndogo kuliko kompyuta moja. Anayeandika hitilafu zake kwa miezi ataona zimejazana katika majira hayo.

MCHORO WA BESENI

Wahandisi huchora kasi ya kuharibika kwa kifaa kulingana na umri wake, na mara nyingi mchoro unafanana na beseni lililokatwa katikati. Upande wa kushoto uko juu, kwa kuwa vifaa vipya vyenye kasoro ya kiwandani hufa mapema. Katikati ni bapa, hitilafu huja kwa bahati mbaya bila kujali umri. Kulia unapanda tena, ni uchakavu.

Mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, alitoa mwaka 1951 kanuni inayotumika mpaka leo kupima kifaa kiko upande gani. Ndani yake mna namba ya umbo. Ikiwa chini ya 1 kifaa kiko katika utoto, ikiwa 1 ni bahati mbaya tupu, na ikiwa juu ya 1 kinazeeka.

Faida yake kwa mwenye ofisi ni kujua matunzo ya kinga yanasaidia wapi. Betri za UPS, feni, na roli za printa huzeeka, kwa hiyo zibadilishwe kwa ratiba kabla hazijafa. Betri za risasi na asidi huathirika sana na joto. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha yao kwa nusu hivi. UPS iliyofichwa chini ya meza pembeni ya jokofu itakufa mapema. Vumbi jekundu nalo huziba feni, na kulipuliza kila baada ya miezi mitatu ni kazi ya dakika kumi.

Lakini kifaa kilicho katikati ya beseni hakifaidiki na kubadilishwa mapema. Kuondoa kifaa kizima na kuweka kipya ni kurudi upande wa kushoto wa beseni. Kadhalika fundi anayefungua kompyuta nzima kila mwezi bila sababu anaweza kuacha waya umelegea.

NAMBA ZA KIWANDANI

Kwenye karatasi za diski utaona muda kati ya hitilafu wa saa 1,000,000. Hiyo ni miaka 114, na haimaanishi diski yako itaishi hivyo. Maana yake ni kwamba katika kundi kubwa la diski zinazowaka mchana na usiku, asilimia 0.88 zingekufa kila mwaka.

Mwaka 2007 tafiti mbili kubwa ziliangalia hali halisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichunguza diski zipatazo 100,000 na kukuta viwango vya kubadilishwa vya asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka ni vya kawaida, na mahali pengine vilifika 13. Watafiti wa Google, kwa diski zaidi ya 100,000, walikuta asilimia 1.7 katika mwaka wa kwanza na zaidi ya 8 katika mwaka wa tatu. Vile vile zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuonyesha dalili yoyote kabla.

Diski hizo zilikuwa katika vyumba vyenye ubaridi na umeme tulivu. Mwenye ofisi ya Kampala asitegemee kupata matokeo bora kuliko hayo. Na kwa kuwa dalili hazionekani, nakala ya mafaili ni lazima. Mazoea mazuri ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Kumbuka kwamba kirusi, nywila iliyopotea na leseni iliyokwisha nazo ni hitilafu, na hazijali kompyuta ina umri gani.

SPEA NGAPI ZA AKIBA?

Kampuni ina kompyuta 20 na inakadiria asilimia 5 za diski zake zitakufa kwa mwaka. Wastani ni diski 1. Je, spea moja inatosha? Hesabu ya matukio adimu, inayoitwa kanuni ya Poisson, inatoa jibu hili:

- Hakuna diski itakayokufa: asilimia 37
- Itakufa moja: asilimia 37
- Zitakufa mbili: asilimia 18
- Zitakufa tatu au zaidi: asilimia 8

Spea moja itatosha katika miaka 74 kati ya 100, mbili katika miaka 92. Kwa ofisi ya Kampala inayopata diski mjini siku hiyo hiyo, moja inatosha. Kwa tawi la Mpondwe, Arua au Elegu, ambako spea inasubiri basi, weka mbili.

GHARAMA YA SAA MOJA YA KUSIMAMA

Kosa kubwa katika hesabu hizi ni kuandika bili ya fundi peke yake. Gharama ya kweli ya mwaka ina sehemu nne: bei ya ununuzi iliyogawanywa kwa miaka, matunzo ya ratiba, ukarabati, na hasara ya kusimama. Ya nne ndiyo isiyoandikwa, na mara nyingi ndiyo kubwa.

Kuipata, jumlisha mishahara ya wafanyakazi waliokaa bure, posho ya dereva anayesubiri, marejesho ya mkopo wa lori kwa siku hiyo, na tozo za ghala na kontena zilizozidi. Gawanya kwa saa zilizopotea. Saa hazilingani thamani. Saa moja ya Jumanne asubuhi haiumizi, lakini saa moja ya Ijumaa jioni inaweza kuzaa siku mbili.

Tuseme kwa ofisi yetu wastani ni shilingi 40,000 za Uganda kwa saa. Saa 181 zilizookolewa na inveta na laini ya pili ni shilingi 7,240,000 kwa mwaka. Inveta na betri ni shilingi 3,500,000 kwa miaka 3, na laini ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Jumla haifiki shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Inalipa. Kwa ofisi ambayo saa ni shilingi 10,000, okoa ni shilingi 1,810,000 na hailipi. Afanye kimoja tu, na aanze na umeme.

LINI KUIBADILISHA KOMPYUTA?

Chukua kompyuta mpya ya shilingi 2,000,000. Ukarabati pamoja na hasara ya kusimama huongezeka kila mwaka hivi: 200,000, 300,000, 500,000, 900,000, kisha 1,500,000. Gharama ya wastani kwa mwaka, ukiitunza mpaka mwisho wa mwaka husika, ni:

- Mwaka 1: 2,200,000
- Mwaka 2: 1,250,000
- Mwaka 3: 1,000,000
- Mwaka 4: 975,000
- Mwaka 5: 1,080,000

Wastani wa chini kabisa ni mwaka wa 4. Kanuni fupi ya kukumbuka ni kwamba gharama inayotarajiwa ya mwaka ujao ikizidi wastani wa mpaka sasa, badilisha. Mwaka wa 5 ungegharimu 1,500,000 wakati wastani ni 975,000, basi muda wake umefika. Kanuni hii inafaa pia kwa lori.

Sasa linganisha na kompyuta iliyotumika, ya shilingi 800,000, ambayo gharama zake zinaanza pale nyingine zilipofika: 500,000, 900,000, 1,500,000. Wastani wake ni 1,300,000, kisha 1,100,000, kisha 1,233,000. Ubora wake ni miaka 2, kwa 1,100,000 kwa mwaka. Imezidi mpya kwa shilingi 125,000 kila mwaka, ingawa dukani ilionekana rahisi.

Hilo halimaanishi mtumba ni mbaya siku zote. Kompyuta ya kuandikia barua, ambayo ikifa hakuna mzigo unaosimama, haina ile sehemu ya nne ya gharama, na hapo mtumba unashinda. Kompyuta ya kutuma matamko na ile ya EFRIS ndizo za kununua mpya.

Jambo la kodi lisisahauliwe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda inaruhusu kompyuta kupunguzwa thamani kwa asilimia 40 kila mwaka kwa salio linalopungua. Ya shilingi 2,000,000 inabaki 1,200,000, kisha 720,000, kisha 432,000. Weka ankara zake.

MKATABA WA FUNDI

Fundi wa mkataba anataka shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Fundi wa kuitwa anataka 150,000 kila akija. Mizani inasimama kwenye miito 8. Ukiwa na hitilafu chini ya 8 kwa mwaka, kwa bei tupu mkataba ni hasara. Lakini soma kipengele cha muda. Mikataba mingi huahidi fundi kufika ndani ya saa kadhaa. Kufika si kutengeneza. Omba iandikwe saa za kazi kurudi, na kwamba wakishindwa wakuletee mashine ya kuazima. Mkataba wa namna hiyo unapunguza T, na hapo unaweza kulipa hata kwa miito 4.

DAFTARI LA HITILAFU

Hesabu hizi zote zinahitaji kumbukumbu. Chukua daftari, chora safu saba: tarehe, kifaa, saa kilipozima, saa kazi iliporudi, sababu, fedha iliyolipwa, na mzigo uliochelewa. Andika kila tukio, hata la dakika kumi. Baada ya miezi sita utakuwa na K na T zako mwenyewe, ambazo zinashinda namba ya kiwanda chochote.

Angalia tu usiamini namba chache kupita kiasi. Muuzaji anasema ameuza kompyuta 10 mwaka jana na hakuna iliyorudi. Kwa kanuni ya haraka, gawanya 3 kwa 10. Kiwango cha kweli cha kuharibika kinaweza bado kufika asilimia 30 kwa mwaka. Angekuwa ameuza 300 bila hata moja kurudi, kikomo kingekuwa asilimia 1, na hapo maneno yake yana uzito.

KWA UFUPI

1. Anza daftari la hitilafu leo.
2. Orodhesha mnyororo wako na utafute kiungo dhaifu. Kwa ofisi nyingi ni umeme.
3. Ruta na swichi ziwe kwenye UPS pamoja na kompyuta.
4. Weka mashine moja ya akiba iliyo tayari, na ijaribiwe mara moja kwa mwezi.
5. Laini ya pili ya intaneti isipite njia moja na ya kwanza.
6. Badilisha betri kwa ratiba, si baada ya kufa.
7. Jua bei ya saa moja ya kusimama kabla ya kwenda dukani.
8. Tuma tamko mapema. Siku za mkononi ni akiba isiyohitaji umeme.

Msafirishaji anayeweka daftari la lori, anayejua kila tairi limekwenda kilomita ngapi na oili inabadilishwa lini, tayari anaijua kazi hii. Kilichobaki ni kuihamishia ndani ya ofisi.